Logi Huwaandika Wanaosubiri

Mfumo ukigoma mwisho wa mwezi, wa kwanza kulaumiwa ni yule aliyekaa dirishani. Wanachama wanamwona yeye, hawaioni seva. Meneja akitoka ofisini kwake anamkuta yeye. Hata mtu wa kompyuta akipigiwa simu, swali lake la kwanza huwa, "Nani alikuwa anafanya nini?" Nimetunza kanzidata za vyama vya akiba na mikopo, hizi SACCOS zetu za walimu, wauguzi, wakulima wa chai na madereva, na nimeliona jambo hili likijirudia mji hadi mji. Ninaliandika kwa sababu lina dawa. Dawa yenyewe imo kwenye kumbukumbu za seva, ambazo ofisini tunaziita logi tu. Tatizo ni kwamba watu wengi hawazifungui mpaka mambo yameharibika, na wakizifungua wanazisoma nusu.

Tuanze na muamala wenyewe. Mwanachama akiweka shilingi 50,000, kanzidata haiandiki jambo moja. Inaongeza salio lake, inaongeza fedha taslimu za tawi, inaandika stakabadhi, inarekebisha jumla ya siku. Hayo yote ama yafanyike kwa pamoja, ama lisifanyike hata moja. Umeme ukikatika katikati, seva ikiwaka inapaswa kurudi pale ilipokuwa kabla keshia hajabonyeza kitufe. Mmarekani Jim Gray, aliyepewa Tuzo ya Turing mwaka 1998, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kulifikiria jambo hili. Mwaka 1976, akiwa IBM, yeye na wenzake watatu walichapisha makala iliyoonyesha ni kwa nini muamala ukishaanza kuachia makufuli haupaswi kushika mengine mapya, la sivyo watu wawili wanaofanya kazi kwa wakati mmoja wanaweza kuharibiana hesabu bila yeyote kujua. Kanzidata nyingi tunazotumia leo zimejengwa juu ya mawazo ya aina hiyo. Ukibadilisha rekodi, unaishika kwa kufuli. Mwingine akitaka kuibadilisha rekodi hiyohiyo, anasubiri mpaka wewe uthibitishe muamala wako au uufute.

Usalama huo una gharama yake. Aliyeshika akichelewa, wote walio nyuma yake wanachelewa, na seva haioni ubaya wowote. Watu huchanganya jambo hili na mkwamo wa kufungana, pale A anapomsubiri B huku B akimsubiri A. Huo kanzidata ya PostgreSQL huutambua yenyewe: baada ya sekunde moja ya kusubiri inachunguza, na ikiona mduara inamkata mmoja ili wengine wapite. Lakini kama A anamsubiri B, na B hamsubiri mtu yeyote ndani ya kanzidata, hakuna mduara. Kwa mpangilio unaokuja nayo, seva itamwacha A asubiri saa nzima, au siku nzima, mradi B hajafunga muamala wake.

Chama ninachokikumbuka kuliko vyote kilikuwa katika mji mmoja wa Nyanda za Juu Kusini. Kilikuwa na madirisha manne, jenereta nyuma ya jengo, na seva moja ya PostgreSQL toleo la 9.6 ndani ya chumba kilichokuwa stoo ya makaratasi. Walichagua PostgreSQL kwa sababu haina ada ya leseni, na kwa chama cha ukubwa ule lilikuwa chaguo la busara. Mishahara ya walimu ikiingia, foleni ilifika barabarani. Na kila mishahara ilipoingia, mfumo uligoma. Skrini za madirisha yote ziliganda dakika tano, saba, wakati mwingine zaidi ya kumi, kisha zikaachia zote kwa mpigo. Zikichelewa sana kuachia, meneja alimtuma mtu stoo akazime seva na kuiwasha.

Nilipofika, hukumu ilikuwa imeshatolewa. Fundi aliyenitangulia alisoma logi na kuandika ripoti ya ukurasa mmoja: dirisha la pili ndilo linaloshika makufuli. Keshia wa dirisha hilo, mama wa makamo aliyekuwepo tangu chama kikitumia leja za karatasi, alikuwa ameshaandikiwa barua ya onyo. Ilisema anaacha skrini wazi anapokwenda kunywa chai. Ofisi nzima ilishaikubali habari hiyo. Hata wanachama waliokuwa kwenye foleni walikuwa wakiisema.

Nilimwamkia, nikamwomba anieleze kwa maneno yake mwenyewe.

"Mdogo wangu," akaniambia, "mimi chai naletewa hapahapa. Nitaondokaje na droo ina hela za watu? We niulize saa, nikuonyeshe."

Akainama, akatoa chini ya meza kaunta buku lenye jalada gumu. Kurasa za nyuma alikuwa amezipiga mistari kwa rula. Kila siku ya mishahara ilikuwa na ukurasa wake, na kwa kalamu ya bluu aliandika: 4:10 umegoma. 4:17 umerudi. 5:32 umegoma. 5:41 wamezima. Pembeni aliandika alichokuwa akikifanya wakati ule: amana ya mwalimu fulani, hisa, marejesho. Hakuna aliyemwomba aandike. Aliandika kwa sababu alijua siku moja ataulizwa.

Sijawahi kupewa ushahidi mzuri kuliko ule, lakini kuulinganisha na logi kulihitaji uangalifu. Keshia alihesabu saa kwa Kiswahili, kama sisi sote: 4:10 yake ni saa nne na dakika kumi asubuhi. Stakabadhi zilizochapwa na programu zilisema 10:10. Logi ya seva, iliyoachwa kwenye saa ya UTC na aliyeisimika, ilisema 07:10. Saa tatu tofauti kwa tukio moja. Kama hukulijua hilo utatafuta tukio la saa nne kwenye mistari ya 04:10, utakuta asubuhi tulivu, na utamwambia keshia kwamba logi haionyeshi chochote. Nimewahi kusikia jibu hilo likitolewa kwa watu wazima, kwa kujiamini kabisa. Mpaka leo, kabla sijasoma mstari wowote wa logi, nauliza seva imewekwa saa ya wapi, na mashine za madirisha zinapata saa kutoka wapi.

Bahati ilikuwa kwamba fundi yule aliacha jambo moja jema: aliwasha mpangilio wa log_lock_waits, ambao kwenye toleo lile huja umezimwa. Ukiwashwa, kila anayesubiri kufuli zaidi ya sekunde moja anaandikwa. Nikafungua siku ya 4:10 ya kaunta buku, nikaenda 07:10 kwenye logi, na mistari ilikuwepo.

Mstari wa kwanza, nikiuweka kwa Kiswahili, ulisema: mchakato 18422 bado unasubiri ShareLock kwenye muamala 90417 baada ya milisekunde 1000.112. Chini yake kulikuwa na maelezo: mchakato ulioshika kufuli ni 18377, walio kwenye foleni: 18422. Chini yake tena iliandikwa amri iliyokwama, nayo ilikuwa ya kuongeza kiasi kwenye rekodi ya jumla ya siku ya tawi.

Sekunde chache baadaye ukafuata mwingine. Mchakato 18431 unasubiri ExclusiveLock kwenye rekodi ileile ya jumla ya siku. Ulioshika kufuli: 18422. Kisha 18440, nao vilevile. Ulioshika: 18422. Walio kwenye foleni: 18431, 18440. Na kadiri asubuhi ilivyoendelea, namba 18422 ilizidi kurudiwa kama mshika kufuli.

Mchakato 18422 ulikuwa dirisha la pili.

Hapo ndipo fundi aliposimama. Alihesabu ni nani ametajwa mara nyingi kuwa ameshika, akapata dirisha la pili, akafunga faili. Logi haikumdanganya; kila mstari ulikuwa wa kweli. Ila PostgreSQL ina utaratibu wake wa kupanga wanaosubiri. Rekodi ikiwa imeshikwa na muamala ambao haujafungwa, wa kwanza kuja anausubiri muamala ule. Lakini kabla ya kuanza kusubiri anachukua kufuli dogo la rekodi yenyewe, la kumhakikishia kwamba zamu inayofuata ni yake. Wanaokuja baada yake hawaonyeshwi mwenye muamala. Wanakutana na kufuli dogo la aliyewatangulia, na logi inaandika kwa haki kabisa kwamba aliyewazuia ni yeye. Anayetajwa kuwa ameshika naye anasubiri. Ili umpate mwenye tatizo, ni lazima ufuate mnyororo: huyu anamsubiri yule, yule anamsubiri nani? Unaendelea mpaka ufike kwa mchakato ambao haumsubiri mtu.

Na kwa nini dirisha la pili liwe mbele kila mara? Kwa sababu foleni yake ndiyo ilikuwa ndefu kuliko zote. Wanachama wazee walimpenda, alikuwa mwepesi, na kwa saa moja alihudumia watu wengi kuliko wenzake. Rekodi ya jumla ya siku ikishikwa, uwezekano mkubwa ulikuwa kwamba anayeigonga kwanza ni yeye. Bidii yake ndiyo iliyoliweka jina lake kwenye logi.

Mnyororo uliishia kwa 18377. Nikautafuta mchakato huo kwenye logi ya siku nzima, nikaukuta mahali pamoja tu: alfajiri ulipojiunga na seva. Baada ya hapo haukuandikwa popote isipokuwa kwenye mistari ya wengine wakiulalamikia. Wenyewe haukusema neno.

Kwa maoni yangu, hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika kazi hii. Stoo ikiwa na ufunguo mmoja, kelele zote utazisikia kwa waliosimama mlangoni. Aliyeondoka na ufunguo mfukoni hana sababu ya kupiga kelele. Tuliweka log_min_duration_statement ili seva iandike kila amri inayozidi muda fulani. Lakini amri huandikwa ikishamalizika, na amri za 18377 zilimalizika kwa milisekunde chache kila moja. Ulifungua muamala, ukabadilisha rekodi upesi, kisha ukakaa. Kukaa si amri, kwa hiyo hakukuandikwa. Ukisoma logi kwa kutafuta mistari mirefu na makosa mekundu, utawapata walioumia. Aliyewaumiza utampata kwa kutafuta ukimya: palipo na mwanzo wa muamala, na mwisho haupo.

Saa 07:17:22 mstari mmoja wa tukio lile ulisema kwamba mchakato 18422 umepata kufuli lake baada ya milisekunde 412,300. Hiyo ni karibu dakika saba. Kaunta buku lilisema 4:10 mpaka 4:17.

Logi ilikuwa imenifikisha mlangoni, lakini haikutosha kunionyesha 18377 ni nani. Kila mstari ulianza na saa na namba ya mchakato, basi. Tulibadilisha log_line_prefix ili kila mstari ubebe pia jina la programu, jina la mtumiaji wa kanzidata, anwani ya mashine aliyotoka na namba ya muamala. Kazi hiyo ni ya mstari mmoja kwenye faili la mpangilio, na haihitaji kuzima seva. Unaiambia tu isome mpangilio upya. Kisha nikamwomba meneja ahadi moja: siku ya mishahara inayofuata, mfumo ukigoma, mtu yeyote asiguse swichi mpaka nimeangalia.

Ahadi ile ilikuwa ngumu kwake, na namheshimu kwa kuitimiza. Foleni iko barabarani, watu wanapaza sauti, mwenyekiti wa bodi anapiga simu, na dawa anayoijua iko hatua chache kutoka kwake. Lakini ukizima seva unapoteza hali hai ya vikao: nani ameunganishwa, muamala wake ulianza lini, amri yake ya mwisho ilikuwa ipi, anamzuia nani. Logi inabaki kwenye diski. Hali hai inapotea hapohapo. Ndiyo maana ninaamini kwamba dakika moja ya kuangalia kabla ya kuzima ina thamani kuliko siku nzima ya kusoma baadaye.

Mfumo ulipogoma tena nilikuwa stoo, mbele ya seva. Niliuliza jedwali la pg_stat_activity, linaloonyesha kila kikao na hali yake, na nikatumia pg_blocking_pids, kazi iliyokuja na toleo lile la 9.6, ambayo ukiipa namba ya mchakato inakuambia nani anauzuia. Madirisha yote manne yalikuwa yanasubiri. Mwishoni mwa mnyororo kulikuwa na kikao kimoja ambacho hali yake iliandikwa kuwa kimekaa tu ndani ya muamala uliofunguliwa. Jina la programu: huduma ya mikopo. Amri ya mwisho: kuongeza kiasi kwenye jumla ya siku. Ilikuwa imemalizika zamani. Muamala ulikuwa bado wazi.

Huduma ya mikopo haikuwa na dirisha wala keshia. Ilikuwa programu inayojiendesha nyuma: mkopo ukiidhinishwa, inautuma kwa mwanachama kwenye simu yake. Tulifungua msimbo wake na hadithi ikawa imekamilika. Ilifungua muamala, ikaandika mkopo, ikabadilisha jumla ya siku, kisha, muamala ukiwa bado wazi, ikapiga hodi kwenye mtandao wa malipo ya simu na kusubiri jibu. Jibu likija, inathibitisha. Siku za kawaida jibu lilirudi kwa sekunde moja au mbili na hakuna aliyehisi. Siku za mishahara, nchi nzima inapotuma pesa, jibu lilichelewa dakika kadhaa. Msimbo haukuwa umewekewa kikomo cha kusubiri. Ungengoja mpaka kiyama.

Kosa la namna hii nimelikuta mahali pengi tangu wakati huo, na ninamwelewa anayeliandika. Anataka mkopo na malipo viwe kitu kimoja, visitengane. Nia ni njema. Lakini kanzidata yako haina mamlaka juu ya mtandao wa mtu mwingine. Kuushikilia muamala wazi huku ukisubiri jibu la nje hakuviunganishi vitu hivyo viwili. Kunawafanya tu watu wako wote wasubiri mtandao usio wako.

Kulikuwa na jambo lingine chini ya hilo, na ndilo lililoninyima usingizi. Fikiria nini kilitokea kila walipozima seva katikati ya mgomo. Muamala wa huduma ya mikopo haukuwa umethibitishwa, kwa hiyo PostgreSQL iliufuta, kama inavyopaswa. Lakini ombi la malipo lilikuwa limeshaondoka. Kama mtandao wa simu ulilipokea, ulimlipa mwanachama. Pesa ipo mkononi mwake, na kwenye vitabu vya chama mkopo huo haukuwahi kuwepo. Mhasibu alikuwa na tofauti kwenye usuluhishi wa akaunti ambayo hakuweza kuieleza, na tulipozipanga tarehe zake, zikakaa juu ya tarehe ambazo kaunta buku liliandika "wamezima". Logi nayo ilikuwa na mstari wa kila kuzimwa kwa seva. Kuzima na kuwasha, kulikoonekana kuwa ndiko kunakotibu, kulikuwa kunafuta madeni halali ya chama.

Kwa sababu hiyo nilikataa njia ya mkato ambayo wengi wangeikimbilia. Toleo hilohilo la 9.6, lililotoka mwaka 2016, lilileta mpangilio wa idle_in_transaction_session_timeout: ukiweka, tuseme, sekunde 60, kikao kitakachokaa kimya ndani ya muamala zaidi ya hapo kinakatwa. Madirisha yangepumua siku hiyohiyo. Lakini kikao cha mikopo kingekatwa na muamala wake kufutwa baada ya ombi la malipo kwenda, yaani madhara yaleyale ya kuzima seva, safari hii bila hata mtu kuigusa swichi na bila yeyote kuona. Kikomo ni kitu kizuri, ila kinafuata baada ya msimbo kurekebishwa.

Marekebisho yenyewe yalikuwa kuigawa kazi. Muamala wa kwanza, mfupi, unaandika mkopo na hali yake "unatumwa" pamoja na namba ya kumbukumbu isiyojirudia, kisha unathibitishwa na makufuli yanaachiwa. Ombi la malipo linakwenda nje ya muamala wowote, likibeba namba ile, ili likitumwa mara mbili upande wa pili ulitambue na usilipe mara mbili. Jibu likija, muamala wa pili, nao mfupi, unabadilisha hali kuwa "umelipwa" au "umeshindikana". Jibu lisipokuja, mkopo unabaki "unatumwa", na programu nyingine inapita kila baada ya muda kuuliza hatima yake. Jibu likichelewa dakika kumi, mkopo mmoja unachelewa dakika kumi. Madirisha hayahusiki.

Tuliigusa pia ile rekodi ya jumla ya siku. Rekodi moja inayobadilishwa na kila mtu katika tawi ni mahali pa kugombania hata kama kila muamala ni mfupi. Tuliacha kuibadilisha, kila muamala sasa unaongeza mstari wake kwenye jedwali, na jumla inahesabiwa inapohitajika. Baada ya hayo ndipo tulipoweka kikomo cha kukaa kimya, pamoja na lock_timeout kwa programu ya madirisha, ili keshia anayekutana na kufuli apewe ujumbe unaoeleweka baada ya sekunde chache badala ya skrini iliyoganda.

Bodi ilitaka maelezo, na niliomba keshia wa dirisha la pili awepo. Niliweka mezani vitu viwili, kaunta buku lake na mistari ya logi niliyoichapa, nikasoma moja baada ya nyingine: yeye kasema 4:10, seva imesema 07:10, na hivi ndivyo zinavyooana. Kisha nikaufuata mnyororo kwa kalamu mbele yao, kutoka 18440 na 18431 kwenda 18422, mpaka 18377. Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, aliuliza, "Kwa hiyo huyu aliyetajwa mara nyingi kuliko wote ndiye naye aliyekuwa akisubiri?" Nikamjibu ndiyo. Barua ya onyo iliondolewa kwenye jalada lake kwa barua nyingine, na alitaka nakala yake ipigwe muhuri. Ikapigwa.

Tangu hapo siweki seva ya chama chochote bila logi inayoweza kujibu maswali: saa ijulikane ni ya wapi, kila mstari uwe na jina la programu na mashine, wanaosubiri makufuli waandikwe, vikao viandikwe vinapounganishwa na vinapokatika. Na kila programu lazima ijitambulishe kwa jina lake inapojiunga. Programu zote zikiingia kwa mtumiaji mmoja na jina moja, umejinyima jibu kabla swali halijaulizwa. Diski haijai kwa hayo ukipanga logi izungushwe kila siku na za zamani ziondolewe. Ni kazi ya asubuhi moja, na huwa naisimamia mwenyewe.

Logi ya namna hiyo ilinisaidia upesi mahali pengine, kwenye chama chenye tawi la mbali lililounganishwa kwa intaneti ya simu. Huko ilitokea rekodi kushikwa zaidi ya saa mbili, na tena aliyeshika alikuwa kimya. Lakini mwishoni mwa kila tukio logi iliandika mistari miwili iliyofuatana: imeshindikana kupokea data kutoka kwa mteja, muda wa muunganisho umekwisha, kisha, mteja amekatika ghafla huku muamala ukiwa wazi. Anwani ilikuwa ya tawi. Mtandao wa tawi ulikuwa unakatika katikati ya muamala, na seva ya makao makuu, isiyopata salamu yoyote ya kuagwa, iliendelea kuamini kwamba mteja yupo. Linux ndiyo iliyokuwa ikiamua lini ihakikishe, na kwa mpangilio wake wa kawaida husubiri sekunde 7,200 za ukimya kabla ya kutuma ujumbe wa kwanza wa kuuliza kama upande wa pili bado upo. Saa mbili kamili, na dakika kadhaa za kuuliza tena na tena. Hizo ndizo saa mbili zetu. Tuliweka tcp_keepalives_idle iwe sekunde 60 na kupunguza idadi ya maswali yanayofuata. Tawi liliendelea kukatika kama kawaida yake, hasa mvua ikinyesha, lakini muamala ulioachwa wazi ulifutwa ndani ya dakika chache, na rekodi ikarudi kwa waliokuwa wanaihitaji.